Mwenzetu Asikiaye Sauti

Nilisoma chuo cha Kurani hapa Mji wa Kale, Mombasa, pamoja na kijana aliyetushinda sote kwa kuhifadhi. Alipofikia umri wa miaka 20 alianza kusikia sauti za watu wasiokuwapo, zikimtukana na kumwamrisha. Siku moja zikamwamrisha ajidhuru, naye akazitii. Alinusurika. Kwao wakamtia mnyororo katika chumba cha uani, na sisi barazani tukasema: ana jini, tena amekufuru. Mimi nami nilisema hivyo, na leo naona haya.

Maradhi yale yana jina: skizofrenia. Ni ugonjwa wa ubongo. Madaktari wakadiria kwamba katika kila wagonjwa 20, mmoja hivi hufa kwa mkono wake mwenyewe. Hatari huwa kubwa zaidi katika miaka ya mwanzo, na katika majuma ya kwanza baada ya kutoka hospitali, wakati jamaa wanapodhani kuwa amekwisha pona. Dawa zipo tangu miaka ya 1950, na mojawapo, klozapini, imethibitika kuipunguza hatari hiyo.

Kwa miaka mingi sheria ya Kenya ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Lakini je, sisi tulihitaji kumngojea hakimu? Tumefundishwa tangu utotoni kwamba kalamu haimwandikii mwendawazimu mpaka arejewe na akili zake. Tuliyahifadhi hayo, hatukuyatumia.

Sisemi tuache kisomo. Msomeeni mgonjwa, mwombeeni dua, na hospitali pia mpelekeni. Wala dawa asiziache bila ya daktari kumruhusu. Mwulizeni kwa upole: "Sauti hizo zakwambiani? Zakutaka ujidhuru?" Kumwuliza hakumpi wazo asilokuwa nalo, bali humtua mzigo. Akijibu ndiyo, msimwache peke yake, ondoeni vitu vya hatari karibu naye, mumfikishe hospitali siku ile ile. Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Mwenzangu yule sikwenda kumtazama hata mara moja, ilhali kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu. Basi msomaji, kama mtaani kwako yuko wa namna hii, usifanye kama mimi. Nenda leo ukapige hodi.