Elimu Nyingi, Ugonjwa Mmoja



Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa serikali yanapotangazwa, katika nyumba nyingi za Kongo huanza baraza ambalo halikuitishwa na mtu. Baba ataka mwanawe awe daktari. Mjomba, ambaye ndiye atakayetoa sehemu ya karo, ataka mwanasheria. Na ikiwa jamaa yakaa karibu na machimbo, hakosekani mtu wa kusema kwamba injinia wa madini hafi njaa. Kijana mwenyewe, akithubutu kusema kwamba apenda historia, au lugha, au elimu ya wanyama, huulizwa swali moja tu: "Hiyo itakulisha?"

Sisi hatulidharau swali hilo. Karo ni nzito, na nyumbani kuna wadogo wanaongoja zamu yao. Lakini twaona kwamba ndani ya swali hilo imejificha fikira isiyo sawa juu ya kazi ya universite, kana kwamba elimu mbili tatu ndizo zifanyazo kazi, nazo zilizobaki zimewekwa pale kama maua mezani. Juma hili twapenda kuipima fikira hiyo kwa jambo ambalo wasomaji wetu wa Mangina, Beni na Butembo walilionja wenyewe, nalo ni ugonjwa wa Ebola.

Turudi kwanza mwaka 1976. Katika hospitali ya misioni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi, watu walianza kufa kwa homa ambayo hakuna aliyejua jina lake. Daktari Jean-Jacques Muyembe, aliyesomea udaktari katika Lovanium na kuendelea na elimu ya virusi huko Leuven, alitumwa kutoka Kinshasa. Aliwapima wagonjwa na kuchukua damu kwa mikono mitupu, maana hakuwa na glavu. Akarudi Kinshasa pamoja na sista mmoja aliyekuwa mgonjwa, na damu ya sista huyo ikapelekwa Antwerp, Ubelgiji, ndani ya chupa ya kutunzia baridi. Huko, na baadaye Marekani, wachunguzi waliona kirusi kirefu kama uzi uliojikunja. Walikipa jina la mto Ebola, ili watu wa Yambuku wasibebe aibu ya jina hilo milele. (Kwa miaka mingi vitabu vilisimulia habari hii kana kwamba aliyekuwa Yambuku kwanza hakuwa Mkongo. Ndiyo sababu twaliandika jina la Muyembe hapa kwa makusudi.)

Hadubini ilionyesha muuaji. Haikuonyesha njia aliyopita. Ili kuijua njia, ilibidi watu wengine wazunguke kijiji kwa kijiji wakiwa na daftari na kalamu, wakiuliza: nani aliugua, siku gani, alikwenda wapi kabla ya kuugua, alimzika nani? Walihesabu wagonjwa 318, na kati yao 280 walikufa. Walipolinganisha majibu, wakaona kwamba wengi wa wagonjwa wa kwanza walikuwa wamedungwa sindano katika hospitali ileile. Hospitali ilikuwa na sindano chache mno, zikatumika kwa mgonjwa huyu na yule bila kuchemshwa kila mara. Wale waliokuwa wakihudumia hawakuwa wabaya. Walikuwa maskini wa vyombo, na wenyewe walilipa kwa uhai wao, kwani kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali walikufa 11. Hospitali ikafungwa, na ugonjwa ukapungua.

Basi, hapo tayari twaona elimu mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Ya kwanza huamini kile kionekanacho ndani ya kioo. Ya pili haitazami ndani ya kitu chochote. Ushahidi wake ni hesabu na ulinganisho, nayo haiwezi kusema neno juu ya mtu mmoja, ila juu ya wengi kwa pamoja. Kila moja ingekuwa kipofu bila mwenzake.

Sasa twende mashariki. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola iko Kivu ya Kaskazini. Safari hii madaktari hawakuja mikono mitupu. Walikuwa na chanjo, walikuwa na mavazi, walikuwa na mashine za kupima damu papo hapo, na fedha nyingi sana. Hata hivyo ugonjwa ulidumu karibu miaka miwili, hadi tarehe 25 Juni 2020, ukashika watu 3,470 na kuwaua 2,287. Kwa nini?

Mnamo Septemba 2018, wachunguzi wa elimu ya jamii waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Zaidi ya robo yao hawakuamini kwamba Ebola ni kitu cha kweli. Wako waliosikia habari hiyo wakasema: ujinga. Sisi twalikataa neno hilo. Mtu wa historia na mtu wa elimu ya siasa wangetoa jibu lililo bora. Tangu mwaka 2014 watu wa Beni walikuwa wakichinjwa usiku katika vijiji vyao, na msaada waliouona ulikuwa haba. Homa ilipotokea, magari yalikuja kwa safu. Desemba 2018 taifa lilipiga kura, lakini Beni na Butembo zikaambiwa zingoje kwa sababu ya Ebola na ya usalama. Zilipopiga kura, Machi 2019, rais alikuwa ameapishwa tangu Januari. Mtu aliyeyaona hayo yote akiuliza kama ugonjwa huu si hila ya wakubwa, je, ni mjinga? Amekosea juu ya kirusi, lakini hesabu yake juu ya wakubwa ina sababu zake. Kosa hilo liliua, na liliua pande zote mbili: Aprili 2019 daktari Mkameruni aliyekuja kusaidia alipigwa risasi hadi kufa ndani ya hospitali ya universite huko Butembo. Hakuna hadubini iwezayo kuuona ugonjwa wa namna hiyo.

Kisha kulikuwa na jambo la mazishi. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola umejaa virusi, na kumwosha maiti ni kujiua. Hayo daktari ayajua vyema. Lakini wanaume waliovaa mavazi meupe, wasioonekana nyuso, walipokuja kumchukua mama wa watu ndani ya mfuko, jamaa walificha wafu wao na kuwazika usiku. Ilibidi waitwe watu wa elimu ya mila, ambao kazi yao ni kuketi na wazee na kusikiliza kwa muda mrefu. Hao waliuliza swali ambalo daktari hakuliuliza: katika mazishi yenu, ni kitu gani kikikosekana, marehemu huwa hakuzikwa? Mara nyingi jibu halikuwa kuosha. Lilikuwa kuona uso, kuleta nguo zake nzuri, kuomba, kuwapo kaburini. Mambo hayo yaliwezekana bila hatari, na pale yaliporuhusiwa, milango ilifunguka.

Kwa kuwa sisi ni walimu, ruhusuni tukae kidogo juu ya lugha. Matangazo mengi ya kwanza yaliandikwa kwa Kifaransa, mengine kwa Kiswahili cha vitabu kama kile cha pwani. Lakini Beni na Butembo watu husema Kinande nyumbani, na sokoni Kiswahili cha kwetu Kongo, chenye maneno yake na mkato wake. Waliochunguza jambo hilo walikuta kwamba sehemu kubwa ya maandiko hayakueleweka na wale waliokusudiwa, hasa wanawake ambao hawakusoma sana, nao ndio wauguzao wagonjwa nyumbani. Neno lenyewe laweza kufunga mlango. Ukimwita mtu mwenye homa "mshukiwa", kama mwizi aliyeshikwa na polisi, je, atakuja kwa hiari yake kupimwa? Kijana anayetaka kusomea lugha, na ambaye jamaa zake wasema atapoteza miaka mitano, angalikuwa na kazi ya kutosha Butembo mwaka 2019.

Tusije tukaonekana kana kwamba twawashusha madaktari, hebu tusimulie lililo bora katika habari hii yote. Mwaka 1995 Ebola ilizuka Kikwit na kushika watu 315. Muyembe huyohuyo alichukua damu ya watu waliopona, akawapa wagonjwa 8. Watu 7 wakapona. Wataalamu wa nje walisita: watu 8 ni wachache, na pengine wangalipona hata bila damu hiyo. Walikuwa na haki ya kusita, ingawa twafahamu jinsi kusita kwao kulivyouma. Mwaka 2006 mtu mmoja aliyepona Kikwit alitoa damu yake tena. Baada ya miaka 11 mwili wake ulikuwa bado wakumbuka vita ile, na katika damu hiyo wachunguzi walipata kingamwili ambayo ilifanywa kuwa dawa, nayo ikaitwa mAb114.

Ilibaki kuithibitisha. Hapa aliingia mtu ambaye wazazi hawamfikirii kabisa wanapozungumza juu ya hospitali, yaani mtu wa hesabu. Kuanzia Novemba 2018, katika vituo vya Kivu ya Kaskazini, wagonjwa walipewa mojawapo ya dawa 4, na aliyepewa ipi iliamuliwa kwa kura. Tunajua kwamba neno hili lakwaruza masikio. Kumpigia mgonjwa kura? Lakini daktari akichagua kwa moyo wake, atampa dawa aipendayo yule aliye na matumaini, na mwishoni hatajua kama kilichoponya ni dawa au ni nguvu za mgonjwa. Kura haina upendeleo. Mnamo Agosti 2019 hesabu zilikuwa wazi: kati ya watu 100 waliopewa mAb114 walikufa kama 35, na kwa dawa iliyotumika kulinganishia walikufa karibu 50. Mara moja wagonjwa wote wakapewa mbili zilizo bora tu, mAb114 na nyingine moja. Desemba 2020 dawa ya damu ya Kikwit ilikubaliwa rasmi Marekani.

Haifai tuwadanganye wasomaji wetu. Uko uchunguzi ambao hautamponya mtu yeyote. Katika eneo lilelile la Beni, pale mto Semliki unapotoka ziwa Edward, mwaka 1950 Jean de Heinzelin, Mbelgiji wa elimu ya miamba, alichimbua Ishango mfupa mdogo uliochorwa mistari kwa safu, wenye umri wa miaka ipatayo 20,000. Wako wasemao kwamba mistari hiyo ni hesabu, tena hesabu yenye akili. Wengine wahesabu ndani yake siku za mwezi. Wengine wasema ni michoro tu ya kushikia mpini vyema. Ugomvi huo haujaisha, na mfupa wenyewe uko Brussels. Hakuna mgonjwa anayeungoja. Hata hivyo mtoto wa Beni aliyekwisha kuambiwa kwamba kuhesabu kulikuja na wageni, ana haki ya kujua kwamba ugomvi huo upo, na kwamba wahusu nyumba yake.

Wala hatusemi kwamba kila mwenye shahada ya historia atapata mshahara. Wengi hawapati, na hata mwalimu wa universite huweza kungoja malipo yake miezi. Tena wasomi wenyewe wana lawama. Daktari humcheka mtu wa mila kwamba akusanya hadithi. Mtu wa mila humwita daktari fundi wa mabomba. Na maandishi ya wote wawili hutoka kwa lugha ambayo wale walioulizwa hawatayasoma kamwe. Lakini mzazi ashaurianaye na mwanawe angefanya vyema kumwuliza, kabla ya swali la chakula, ni jambo gani atamani kulijua hata usingizi ukamkatika. Kijana asiye na jibu atakuwa daktari mbaya pia.

Mfano wa mwisho watoka Kasai. Jan Vansina, Mbelgiji aliyezoezwa kusoma hati za zamani za Ulaya, alifika kwa Wakuba mwaka 1953. Hati za zamani hazikuwapo. Akajifunza kuyapima masimulizi ya wazee kwa ukali uleule: nani asimulia, alisikia kwa nani, mbona ukoo huu wasema hivi na ule vile. Kitabu chake juu ya mapokeo ya mdomo, kilichotoka mwaka 1961, kiliwafundisha wanahistoria wa Afrika yote kwamba neno la mzee laweza kuwa ushahidi, likihojiwa ipasavyo.

Katika nchi hiyohiyo Ebola ilizuka mwaka 2007, na tena Septemba 2025, huko Bulape. Damu ya wagonjwa wa Bulape ilichunguzwa, ikaonyesha kwamba kirusi kilikuwa kimetoka upya porini, wala hakikubaki kutoka ugonjwa wa 2007. Kimetoka kwa mnyama gani? Mwaka 2005 wachunguzi waliofanya kazi Gabon na Kongo-Brazzaville walieleza kwamba wamekuta alama za kirusi katika aina 3 za popo wala matunda. Ni alama tu. Tangu hapo popo maelfu wamenaswa na kupimwa, na hakuna bado aliyefaulu kukitoa kirusi cha Yambuku kikiwa hai ndani ya popo hata mmoja.