Mbiu na Daftari: Istilahi za Majina katika Mtandao wa Ofisi

Kuhamia kwa Serikali Dodoma, kulikoamuliwa mwaka 1973 na kutekelezwa kwa kasi tangu mwaka 2016, kumejadiliwa sana kwa upande wa majengo na barabara. Upande wa lugha umesahauliwa. Ofisi za Mtumba, kama zilivyo za Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007, zimetawanyika katika majengo mengi. Karani wa jengo moja hulitafuta jalada lililohifadhiwa katika jengo jingine kwa jina la kompyuta. Jina hilo lisipofahamika, husema jalada limepotea, ilhali lipo mahali pake. Makala haya yanadai kwamba tatizo hilo, kwa sehemu, ni la kiistilahi. Kwa hiyo linawahusu wanaisimu kama linavyowahusu mafundi.

Kompyuta huwasiliana kwa namba; majina yamewekwa kwa ajili ya binadamu. Kazi ya kuipata namba kutokana na jina wapo wanaoiita "utatuzi wa majina". Istilahi hiyo inapotosha, kwani kinachotatuliwa ni tatizo, na jina si tatizo. "Ufasiri wa majina" ingeafiki zaidi dhana inayokusudiwa.

Ufasiri huo una njia kuu mbili. Ya kwanza ni mbiu: kompyuta huliita jina, na yenye jina hilo huitika. Mitandao ya Windows ya miaka ya 1990 iliitegemea sana njia hii. Kompyuta za eneo moja zilimchagua mwenzao atunze orodha ya wote, mfano wa balozi wa nyumba kumi. Lakini mbiu haivuki mpaka. Kwa kawaida ruta haiipitishi, na jengo la pili halisikii. Njia ya pili ni daftari, yaani mfumo uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, ambamo seva huulizwa jina, nayo isipolijua huziuliza nyingine. Jina kama udom.ac.tz hufasiriwa kutoka kulia: nchi, kisha kundi la vyuo, kisha chuo chenyewe.

Kiingereza kimeupa upekuzi wa orodha ile neno lile lile la usomaji wa kurasa za intaneti. Kiswahili hakilazimiki kufuata. "Kivinjari" kibaki kwenye kurasa; kompyuta ya orodha iitwe "mtunza orodha". Huenda ikadaiwa kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, maana tangu toleo la mwaka 2017 Windows 10 ilianza kusakinishwa bila itifaki kongwe iliyoibeba orodha hiyo. Dai hilo linaipa hoja nguvu zaidi. Mtumishi aonaye orodha tupu hudhani mtandao umekufa, kumbe angeliandika jina kamili la kompyuta, daftari lingemfikisha.

Wenyeji husimulia kwamba jina Dodoma latokana na neno la Kigogo idodomya, mahali palipodidimia. Jina hilo limedumu kwa kuwa lina maana kwa wakazi na limekubaliwa na wote. Kompyuta za ofisi nazo zastahili majina ya aina hiyo, kama vile masijala au uhasibu, yaliyoandikwa katika daftari moja. Kazi hiyo haitakamilika mpaka idara za Kiswahili na BAKITA zikae meza moja na mafundi.