Cheti cha Majuma Mawili

Walimu watarajiwa hutuuliza kama yafaa kuhudhuria mafunzo ya majuma mawili, asubuhi hadi usiku, ili kupata cheti cha ufundi wa kompyuta. Hatuyapingi. Lakini tuutazame mtihani wenyewe. Cheti cha A+ cha CompTIA, shirika la Marekani, kina mitihani miwili. Kila mmoja una dakika 90 na maswali yasiyozidi 90, na baadhi humtaka mtahiniwa atende, si achague jibu tu. Cheti hicho hudumu miaka 3. Aliyekariri huenda akafaulu. Ila kompyuta ikizimika mbele ya watoto 60, karatasi haitaiwasha. Basi, ndugu mwalimu, kila saa ya kusoma uifuatishe na saa ya kufungua, kukosea na kutengeneza. Uwafundishe watoto vivyo hivyo.