Ufundi na Daftari



Hapa Handeni na Korogwe, mtu akitaka kumsaidia mjane au mama aliyeachwa na mumewe, mara nyingi humpeleka kujifunza kushona. Kushona ni kazi njema. Lakini ufundi peke yake hauondoi umaskini.

Nilimjua mama mmoja wa kijiji cha Handeni. Alifundishwa kushona, akapewa na cherehani. Mwaka haukwisha, akaiuza. Je, alikuwa mvivu? Hapana. Kijiji kilikuwa na mafundi watatu tayari. Siku ya gulio watu walinunua mitumba kwa bei nafuu. Yeye alipata kazi ya kutia viraka tu. Njaa ilipoingia, cherehani ikawa gunia la mahindi.

Kosa halikuwa lake. Kosa ni letu sisi tunaofundisha bila kuuliza: nani atanunua?

Basi uliza wewe kabla ya kuanza. Barabara kuu ya kwenda Arusha hupita Mkata, Kabuku, Korogwe na Mombo. Abiria hununua nini pale? Majirani zako hukosa nini? Na wewe unajua nini tayari? Kwa Wazigua, ufinyanzi ni kazi ya wanawake tangu zamani. Mwenye ujuzi wa nyumbani asiudharau.

Jambo la pili ni hesabu. Tuseme mama anapika mandazi. Ananunua vitu hivi:

Unga kilo 2: shilingi 4,000
Mafuta: shilingi 2,500
Sukari: shilingi 1,500
Kuni: shilingi 1,500
Hamira: shilingi 500
Jumla: shilingi 10,000

Anapata mandazi 60. Akiyauza yote kwa shilingi 200, atapata shilingi 12,000. Faida ni shilingi 2,000. Lakini watoto wamekula 8. Jirani amekopa 5, hajalipa. Yaliyouzwa ni 47. Fedha mkononi ni shilingi 9,400. Mama amepata hasara ya shilingi 600, naye anadhani anafanya biashara! Asipoandika hatajua. Atashangaa tu siku mtaji utakapokwisha.

Sisemi watoto walale na njaa. Nasema andika walichokula. Ukijua, utapika zaidi kidogo, au utapunguza kukopesha.

Jambo la tatu ni fedha yenyewe. Mama akihangaika mchana kutwa, kisha jioni fedha ikachukuliwa na mwingine, ufundi umemsaidia nani? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki ya kuwa na mali yake mwenyewe. Baba unayesoma hapa, usiogope. Mama mwenye fedha yake hununua daftari za watoto na dawa za nyumba nzima. Kaeni pamoja, mpange matumizi.

Je, mtaji utatoka wapi? Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikaanza tena mwaka 2024. Haina riba. Hata hivyo si zawadi, hurudishwa. Kikundi kisichojua kuandika mapato na matumizi kitaelemewa na deni. Mwone Afisa Maendeleo ya Jamii, akueleze masharti.

Ndugu yangu, ulipokuja darasani ulitaka kuandika jina lako. Sasa unaliandika. Usiishie hapo. Nunua daftari moja. Upande mmoja andika fedha iliyoingia, upande wa pili andika iliyotoka. Fanya hivyo kila jioni, hata kama umechoka. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kinachovuja hakijai.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kijijini kwenu ni kitu gani watu hukifuata mbali?
2. Mama wa mandazi afanye nini ili apate faida?
3. Nyumbani kwako, nani huamua matumizi ya fedha ya mama?