Duka la intaneti liseme 'imekwisha' kabla ya kupokea pesa

MALI bila daftari, walinena wahenga, huisha bila habari. Wafanyabiashara wa Kitengela na Kajiado wanaouza bidhaa kupitia intaneti wanafaa kuitafakari upya methali hiyo, kwa kuwa siku hizi anayekosa habari si mwenye duka pekee, bali pia mnunuzi aliyekwisha kulipa.

Rafu tupu haihitaji maelezo. Maduka ya Nakumatt yalipoishiwa na bidhaa mnamo 2017, wateja walijionea kwa macho na kwenda kwingine, kabla ya wadai kuamua mnamo Januari 2020 kwamba kampuni hiyo ivunjwe. Kwenye tovuti mambo ni kinyume: picha ya jiko la gesi hubaki iking'aa hata baada ya jiko la mwisho kuuzwa.

Kiini cha tatizo ni kuwa na madaftari mawili. Muuzaji huuza kwenye kaunta mchana kutwa, kisha hurekebisha hesabu ya tovuti usiku. Katikati ya saa hizo, jiko moja huweza kuuzwa mara mbili. Tangu M-Pesa izinduliwe Machi 2007, malipo huchukua muda mfupi mno, hivyo pesa hufika kabla ya ukweli kujulikana. Mnunuzi aliye Kajiado mjini akiagiza kutoka Kitengela, atangoja gari lisilobeba mzigo wake.

Dawa ni daftari moja, linalopunguza hesabu papo hapo, bidhaa iuzwe kaunta au kwenye tovuti.

Wapo wauzaji ambao hufuta ukurasa mzima bidhaa inapokwisha. Hilo nalo ni kosa, kwani humpoteza mteja aliyekuwa tayari kusubiri. Ni heri ukurasa ubaki, neno 'imekwisha' liandikwe kando ya bei, na kitufe cha kulipia kifungwe. Mteja aachiwe nafasi ya kuweka nambari ya simu ili aarifiwe shehena ikifika. Aonyeshwe pia bidhaa mbadala na bei yake, lakini asibadilishiwe bila idhini yake.

Sheria nayo haijanyamaza. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari kuhusu bidhaa, huku Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ikimtaka muuzaji wa intaneti atoe maelezo kabla ya mkataba.

Neno 'imekwisha' halimfukuzi mteja. Kinachomfukuza ni kuuziwa hewa.