TAPELI HAOMBI LESENI

Leo tuongelee kanuni za mtandao, maana ukizigusa tu unaambiwa unatetea matapeli. Hapana jamani. Matapeli wapo, tena wanaliza watu. Swali ni moja: kanuni hizi zinawabana wao au zinatubana sisi?

Turudi 2018. Zilipotoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, mwenye blogu alitakiwa kuwa na leseni ya TCRA: maombi sh. 100,000, leseni sh. 1,000,000, na kila mwaka sh. 1,000,000 nyingine. Ukikaidi, faini isiyopungua milioni 5, au jela isiyopungua miezi 12, au vyote. Dogo aliyemaliza kidato cha nne hapa Tangi Bovu azitoe wapi? Juni mwaka huohuo JamiiForums wakalazimika kuzima mtandao wao kwa muda. Mwaka 2022 ada zikapunguzwa, lakini leseni haikufutwa.

Intaneti kafe nazo hazikuachwa. Zilitakiwa kufunga kamera, kuandikisha kila mteja kwa kitambulisho na kutunza kumbukumbu miezi 12. Yaani umeenda kuangalia matokeo ya NECTA, unarekodiwa kama umeingia benki!

Sasa pima mwenyewe. Laini za simu tulisajili kwa alama za vidole, siku ya mwisho ikawa 20 Januari 2020. Je, meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii" ziliisha? Thubutu! Tapeli anatafuta laini yenye jina la mtu mwingine. Leseni haombi, na mbele ya kamera hakai.

Anayebanwa ni yule anayejulikana alipo. Septemba 2025 TCRA ikasimamisha leseni ya JamiiForums kwa siku 90. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchini. Hapo hakuchaguliwa mkosaji, wote tulikaa gizani, mwanafunzi na muuza duka.

Sisemi sheria zifutwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 tayari inaadhibu udanganyifu. Mtu akikosea, apelekwe mahakamani kwa kosa lake. Lakini kumlipisha mtu kabla hajafungua mdomo si kumlinda mwananchi, ni kumuuzia ruhusa ya kuongea. Na mwenye mfuko mtupu atanyamaza hata kama ana ukweli.

Nawasilisha. Wadau mnasemaje?