Mwacheni Profesa Apige Kinanda

Yapo maneno yanayosemwa kila mara hapa shuleni, ati mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aachane na kwaya, drama na vyama, ashike vitabu peke yake. Mimi nayapinga, na shahidi wangu ni mzee mmoja Mmarekani, Donald Knuth.

Knuth, aliyezaliwa 1938, ni profesa mstaafu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Stanford. Kitabu chake kikubwa kuhusu sanaa ya kuandika programu kilianza kutoka 1968, na buku la 4B likatoka 2022. Bado hakijaisha! Mwaka 1974 alipewa Tuzo ya Turing, ambayo kwa watu wa kompyuta ndiyo kilele. Na huyo huyo ana kinanda kikubwa cha mabomba, kama vile vya makanisani, nyumbani kwake. Hata alitunga muziki wake, ukapigwa mara ya kwanza huko Sweden mwaka 2018, alipotimiza miaka 80.

Mtasema, "Huyo alikuwa na akili tayari." Sikubali. Mwaka 1977 aliletewa kurasa za kitabu chake zilizopangwa kwa mitambo mipya, akachukizwa na ubaya wa herufi. Wewe na mimi tungesema hesabu ni hesabu, herufi zina nini? Yeye aliweka kitabu kando akaunda programu ya kupanga kurasa, TeX. Alidhani ni kazi ya muda mfupi, kumbe ikamla kama miaka kumi. Leo wanahesabu duniani kote huitumia, tena bure. Jicho linalopenda uzuri ndilo lililomsukuma, wala si mtihani.

(Walimu, hili ni lenu: aliyegundua kosa kitabuni mwake alitumiwa hundi ya dola 2.56. Ukihesabu kwa kumi na sita badala ya kumi, 256 huandikwa 100. Wengi hawakwenda benki, walizitia hundi hizo kwenye fremu. Hapa kwetu ukimsahihisha mwalimu... haya, tuyaache.)

Ni kweli muda ni mchache. Knuth naye aliona hivyo, na mwaka 1990 akaacha kitu. Alichoacha ni barua pepe. Kinanda hakukigusa.

Sisi wa shule ya kutwa tuna saa moja tu, kuanzia saa kumi, kabla ya kukimbilia matatu. Wakubwa wetu, chukueni simu zetu mkitaka, lakini saa hiyo ya kwaya tuachieni.